Dakika Tisa za Majina

Nanganga,
22 Agosti 2024

Kwa dada yangu Mwanne,

Assalaam alaykum dada, na shikamoo. Natumaini karatasi hizi zinakukuta mzima, wewe na mwanao Zuleha. Kile kifua chake kimepona? Mara ya mwisho nilipopita hapo Ruangwa alikuwa anakohoa, ukampaka mafuta ya nyonyo, naye akaja kuyapangusia kwenye shati langu. Doa halijatoka mpaka leo. Na ule mkanda wa cherehani uliokuwa unakusumbua, fundi alikuja, au bado anakupiga kalenda? Huku sisi ni wazima wa afya, ila macho ya mama hayaendi vizuri, nayo nitayafikia.

Najua umeshangaa. Mtu ambaye kila baada ya wiki tatu anakaa kwenye benchi lako, anakula wali wako na kukutania kuhusu uzito wako, ana lipi la kukuandikia barua? Usiogope, hakuna msiba. Nimeamriwa. Nipo Nanganga nyumbani kwa Mwalimu Gaudensia, jirani yetu, kwenye meza yake ya kusahihishia madaftari, na nimekaa hapa tangu saa nne asubuhi. Mama yuko barazani ananisubiri. Amesema barua ikiisha Mwalimu atamsomea neno kwa neno kabla haijafungwa, na ameagiza yaandikwe yote, hata yale unayoyajua wewe mwenyewe. Kwa hiyo ukiona nakusimulia habari zako usinicheke.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Mama anajua nakuandikia. Anajua uko Ruangwa na anajua nimejua siku zote. Kaa chini kama umesimama, nikuelezee ilivyokuwa, na itabidi nianze na muvi.

Kazi yangu unaijua, ingawa hujaacha kuniambia nitafute kazi ya kutumia mikono. Watu wananiletea muvi za nje, mimi najifungia kwenye kile chumba changu nyuma ya soko la Nachingwea na kipaza sauti, naziweka kwa Kiswahili. Mwanamume nasema mimi, mwanamke nasema mimi, mbwa akibweka nabweka mimi. Wazungu wote nawapa majina ya huku kwetu ili watazamaji wasipotee, na katikati natupia salamu kwa vijana wa Mtua na wa Ruangwa. Ndiyo desturi yetu watafsiri, na asiyetia chumvi hana mteja.

Mwezi wa sita Kipriani, yule mwenye banda la video karibu na stendi ya Nachingwea, aliniletea muvi mpya ameibeba kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Kwenye jalada kuna msichana yuko ndani ya chupa kubwa ya maji, macho yanawaka. Kipriani alikuwa ameshaitangaza mji mzima. Alisema hii ndiyo itakayotutoa.

Ni habari ya binti aliyetengenezwa. Hakuzaliwa, dada. Madaktari walichukua mbegu ya mwanamke mmoja, daktari mwenzao, wakaivuruga na kuipanga upya kwenye mashine. Wakachagua asiugue malaria, asichoke, aone gizani, wakamlea kwenye ile chupa mpaka akawa mtu mzima. Jina hawakumpa, walimpa namba. Mimi nikamwita Sofia, maana namba haina ladha mdomoni. Siku moja Sofia anavunja chupa anatoroka, na kuanzia hapo anatafuta kitu kimoja tu, ampate yule mwanamke mwenye mbegu, amuulize kama yeye ni mwanawe au ni kazi yake ya maabara.

Ukielezwa hivyo unaona tamu. Haikuwa tamu hata kidogo. Saa nzima ni magari yanafukuzana kwenye jiji ambalo halina hata mtu anayekwenda sokoni. Maadui wana bunduki za kila aina na hawajui kulenga. Sofia mwenyewe, pamoja na akili zote walizomtia, hakuna mahali anapokaa akafikiri. Lakini watu wa bandani walivumilia, kwa sababu kila mmoja alitaka kuona siku atakayomfikia yule mama. Mimi pia nilivumilia, maana siku ile niliisemea papo hapo bandani bila kuitazama kwanza, namsemea mistari yake mibaya, nasubiri.

Mwisho ndio uliotuua. Baada ya saa moja na dakika hamsini Sofia anafika kwenye nyumba ya yule mama kando ya ziwa, mvua inanyesha. Anabisha. Mlango unafunguliwa, tunauona uso wa mama, mtu mzima, amevaa miwani. Wanatazamana. Mama anafungua mdomo. Papo hapo helikopta inatokea juu ya paa, moto, kishindo, skrini inakuwa nyeusi, yanaanza kupanda majina ya waliotengeneza muvi. Hata neno moja hawakuambiana.

Watu wakaanza kunigeukia mimi. Ramadhan, fundi baiskeli wa pale sokoni, alisimama akataka kujua yule mama alikuwa anataka kusema nini. Nikamjibu kwamba hakusema. Akaniambia kama hakusema, basi wewe mtafsiri unatufaa nini? Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini lile neno liliniingia mwilini na halikutoka. Kipriani alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amejishika mashavu.

Kesho yake asubuhi nikaiweka ile muvi tena kwenye kompyuta. Yale majina ya mwisho yanachukua dakika tisa, niliyapima. Dakika tisa za maandishi meupe kwenye weusi, na kinanda kinalia kwa chini. Nikafungua kipaza sauti, nikaanza kusema, nikasema mpaka yakaisha.

Nilisema helikopta ilitumbukia ziwani na Sofia akatoka na mikwaruzo tu. Nikasema ile nyumba ya ziwani mama alikuwa amepanga, kwao hasa ni mbali, kusini, panaitwa Nanganga. Nilipataja kabisa. Nikampandisha Sofia gari, nikamshusha njia panda. Mikorosho ilikuwa na maua, akapiga chafya tatu mfululizo na kila moja akaiombea radhi. Nikasema ana kovu la uji wa moto mkono wa kushoto, na ukucha wa kidole cha shahada una ufa, sindano ya cherehani iliupitia. Alinunua ming'oko, vile viazi vya porini, kwa wale kina mama wa barabarani, akaila amesimama, na chumvi na pilipili, akawa anachelewa makusudi kwa sababu alikuwa anaogopa. Nikamfikisha uani. Mama anachambua mbaazi kwenye ungo. Hapo nikabadilisha sauti, nikasema kama mama yetu anavyosema, karibu mwanangu, mbona umechelewa, chakula kimepoa. Sauti yangu ilikatika, na sikuirudia.

Sikuwa nimepanga, dada. Nilianza na helikopta, nikashtukia niko kwetu.

Basi ile muvi mbovu ikawa haikamatiki. Watu wanaikimbiza saa moja na dakika hamsini, wanasikiliza majina tu. Nimeona wanaume wazima wamesimama na majembe mabegani wanasikiliza simu. Kipriani aliionyesha siku sita mfululizo na wanawake wakaja bandani na kanga za kufutia machozi. Kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa dakika tisa zile zimo kwenye simu za watu. Labda umezisikia ukanyamaza, au hukuzisikia kwa sababu wewe na muvi hampatani. Sijui, na nilipokuja mwezi uliopita niliogopa kukuuliza.

Zilifika Nanganga kwenye simu ya Jenifa, mjukuu wa Mwalimu Gaudensia. Sasa hapa ndipo nilipoahidi kukueleza macho ya mama. Yameingia ukungu yote mawili. Anatambua mwanga na kivuli cha mtu, lakini sura hapati, mpaka useme ndipo anakujua. Siku hiyo Jenifa alikuwa anatwanga huku simu imewekwa juu ya ukuta inaongea peke yake. Mama akasikia, akasema huyo ni Isihaka wangu. Akaomba arudishiwe mwanzo. Jenifa anasema alirudisha mara nne, na mara ya nne mama aliomba aachiwe simu mkononi.

Mwalimu akanipigia, akaniambia mama ananihitaji, hakuongeza la pili. Nikapanda kosta ya asubuhi. Tulipita hapo kibandani kwako, stendi ya Ruangwa, gari likashusha watu wawili likaondoka. Ulikuwa umeinamia cherehani, una kitambaa cha kijani, na Zuleha amekaa miguuni pako anachezea vipande. Nilijishusha kwenye kiti ili usinione.

Mama alinilisha kwanza, ugali na kisamvu cha nazi, hakuniuliza chochote mpaka nikanawa. Halafu akaniambia nisimfanye mjinga. Muvi anajua ni muvi, na binti wa kwenye chupa anajua hakushuka Nanganga. Akasema chafya ni za Mwanne, kovu ni la Mwanne, ming'oko na pilipili ni ya Mwanne, na hayo yote ningeweza kuyakumbuka, maana nilikuwa na miaka kumi na mitano ulipoondoka. Kisha akanyoosha mkono akanipapasa uso, akaniuliza:

“Cherehani umeitoa wapi? Mwanne hapa kwangu hajawahi kushika cherehani.”

Dada, mimi ninayesema sauti za watu ishirini kwa siku moja, hapo nikaanza kumweleza kwa yangu.

Sasa naandika yale unayoyajua, maana mama amesema bila hayo barua haina mzizi. Miaka tisa iliyopita mjomba Mahamudu aliita kikao cha ukoo kugawa mikorosho ya marehemu bibi. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, ukoo unapitia kwa mama na mikorosho inafuata ukoo. Mjomba akahesabu vichwa, akakuruka. Ulipomuuliza kama amekusahau, akasema mbele ya wote kwamba wewe uliletwa na marehemu baba kutoka Mtua, umefungwa kwenye kanga, mama aliyekuzaa alifariki hujafikisha hata arobaini. Akasema upande wa mama huna, na asiye na upande wa mama hana mkorosho. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu na hujawahi kuisikia habari hiyo kwa mtu yeyote. Ukamgeukia mama. Mama akainamisha kichwa, akanyamaza.

Mwalimu Gaudensia alikuwepo kama jirani. Alisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mjomba akamjibu kwamba mgeni hana kauli kwenye ukoo wa watu. Jioni ile ile ulitoka na begi langu la shule, ndilo lililokuwa karibu.

Miaka mitatu ikapita hatujui uko wapi. Siku moja kosta iliharibika Ruangwa, nikashuka kutafuta maji, nikakukuta. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ulinikumbatia mbele ya abiria mpaka nikaona haya. Halafu ukanituma. Ulisema mikorosho hukuitaka na hutaitaka, kitu kimoja tu unataka. Ukanishika bega ukasema nikifika nimuulize mama swali lako kama lilivyo, nisiongeze wala nisipunguze:

“Mimi ni mtoto wake, au si mtoto wake?”

Ukasema akijibu ndiyo, utafunga cherehani siku hiyo hiyo. Nikaenda. Nikarudi baada ya siku nne. Nikakuambia nimemuuliza, na mama kanyamaza. Ulikuwa na pini mdomoni. Uliitoa, ukaichomeka kwenye kitambaa, ukaniuliza kama nimekula.

Hapa nimeacha kalamu kidogo. Mwalimu amepita mara mbili kuchungulia kama nimefika, na mara ya pili aliniambia kwamba nazunguka. Kweli nazunguka, ndiyo kazi niliyoizoea. Haya.

Sikumuuliza, dada. Swali lako sikulifikisha. Nilifika nyumbani, nikala, nikalala, nikakaa siku tatu nikimsaidia mama kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Tulikuwa sisi wawili tu shambani kutwa nzima, na nafasi ya kuuliza ilikuwepo kila saa. Nikarudi kwako na jibu nililolitunga garini. Nilichagua kukuambia amenyamaza kwa sababu nilijua utaamini, maana ulishamwona akinyamaza mara moja.

Mama ameniuliza kwa nini, na wewe utauliza hivyo hivyo. Nimetafuta sababu nzuri sina. Ulikuwa wivu. Mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake, na wewe ndiye uliyependwa. Mchuzi ulionjeshwa wewe. Akiumwa, jina la kwanza mdomoni ni lako. Siku ya kikao niliposikia kwamba hukutoka tumboni mwake, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nikadhani sasa zamu ni yangu. Lakini ulipoondoka nikakuta nafasi yako hapewi mtu. Kitanda chako kinatandikwa kila Ijumaa mpaka leo. Wageni wakimuuliza mama ana watoto wangapi, anasema wawili, wa kwanza yuko safarini. Nikawaza, huyu akirudi mimi nitakuwa nani hapa? Hayo ndiyo niliyoyawaza, na nayaandika mama akiwa hatua kumi kutoka hapa, akisubiri kusomewa.

Baadaye nikapata akili, lakini uongo ulikuwa umeshaota mizizi. Kila nikikaa kwenye benchi lako unaniuliza “hajambo?” bila kumtaja nani, nami nakujibu hajambo, nameza wali. Ulipojifungua ukampa mtoto jina la mama, nilikwenda nyuma ya vyoo vya stendi nikalia kama mjinga. Nikasema leo namwambia. Nikarudi nikakuambia mtoto amefanana na wewe. Miaka minne tena ikapita. Mama huku anakutamani mpaka anasikia hatua zako kwenye hatua za watu wengine, wewe huko unamtamani mpaka umemzaa upya kwa jina, na katikati ya watu wawili nimesimama mimi, kwenye barabara ya lami, mwendo ambao kosta hata haimalizi kanda moja ya muziki. Nimekudhulumu miaka sita na siwezi kukurudishia hata siku.

Nilipomaliza kumweleza mama haya, alianza na mtoto. Ana umri gani, anasema vizuri, anakula? Nikamwambia ana miaka minne, mbishi, anaitwa Zuleha. Akaniomba nilitaje jina mara ya pili, nikalitaja. Akafunga vizuri kanga yake kichwani, ndipo akaniambia maneno ambayo sitayasahau nikiwa hai:

“Mara ya kwanza umeninyamazisha. Mara ya pili umenisemesha kwenye muvi. Mimi mwenyewe nitasema lini?”

Ameniambia pia sababu ya siku ya kikao, na amekubali niiandike. Mama aliyekuzaa, kule Mtua, alipoona hatapona alimwita mama yetu, akamwomba mtoto asije akasikia kutoka mdomoni mwake kwamba hakumzaa. Mama aliahidi. Mjomba alipolitamka lile jambo, kukubali ilikuwa ni kuvunja ahadi ya marehemu, na kukana ilikuwa ni kumfanya kaka yake mwongo mbele ya ukoo mzima. Akaona anyamaze, watu watoke, akuite ndani mkae wawili. Watu walikuwa wengi na walitoka polepole. Alipoinuka kukuita, Mwalimu akamwambia umeshapita njia panda.

Nilimwambia mama nitapanda gari leo hii nije nikuambie. Akakataa, akasema mdomo wangu ameuchoka. Nikamwambia basi tupige simu, akasema simu nayo mwenye kuibonyeza ni mimi. Nikamwambia twende wote. Hapo alifikiri sana, dada. Akasema yeye aliyenyamaza hawezi kuja kukusimamia kazini kwako na macho haya, mbele ya wateja, ukakosa pa kumkatalia. Anataka uwe na nafasi ya kukataa. Ndiyo sababu ya barua. Atakayeileta ni Jonasi, dereva wa kosta, na mimi nimekatazwa kupanda gari hilo.

Haya yafuatayo ni maneno yake. Ameyasema kwa Kimwera, nami nimeyaweka kwa Kiswahili, na Mwalimu ameyakagua akasema safari hii sikutia chumvi:

“Mwanne, sikuulizwa. Uliyemtuma hakufika. Swali ni lako bado, na jibu ninalo, lakini simpi mtu alibebe. Ukilitaka, njoo uniulize mwenyewe. Usipolitaka, sitakulaumu.”

Mimi msamaha sikuombi kwenye karatasi. Mama chakula ananipa na salamu anaitikia, mengine hajasema, na sijathubutu kuuliza. Zile dakika tisa nimezifuta kwenye kompyuta yangu, za kwenye simu za watu siwezi kuzifuata. Ukija ukanikuta hapa, nitatoka nikakae kwa Mwalimu mpaka mmalize, hata kama ni siku mbili. Na usipokuja, nitakaa na mama nimtazame akingoja, nalo nimelistahili.

Mpe salamu Zuleha mdogo. Kwa desturi yetu mimi ndiye mjomba wake, na iko siku nitakaa kwenye kikao nihesabu vichwa. Nimemwahidi mama kwamba nitaanza na chake, na cha mama yake. Wasalimie pia majirani zako wa pale kibandani, na yule mama muuza chai anayeniita mkwe bila sababu. Mungu akulinde, dada yangu, akupe moyo mwepesi kuliko niliokupa mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Isihaka Ismaily

Alama ya dole ya wino wa buluu hapo pembeni ni ya mama.

Mwanne mwanangu, mimi Gaudensia naongeza mistari hii. Nimemsomea mama yako barua yote, na mahali pengine mara mbili. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliniuliza gari la kwanza kutoka Ruangwa linapita hapa saa ngapi, nikamjibu saa mbili na nusu asubuhi. Akaniomba kesho saa kumi na mbili asubuhi nimtolee kiti barabarani. Nimemwambia barua yenyewe bado ninayo mkononi, kesho hakuna atakayekuja. Amesema kiti nikitoe tu.